Siku Niliyomripoti Shemeji Yangu

Mke wangu alipofariki, ndugu zake walikaa nasi hadi matanga yakaisha, wakakunja mikeka, wakarudi kwao. Binti yetu wa pekee akarudi kazini Dodoma. Aliyeendelea kuja nyumbani kwangu Buswelu alikuwa mtu mmoja tu, kaka wa marehemu.

Alikuja kila Jumapili. Yeye alitoka misa ya kwanza, mimi nilitoka kanisani kwetu kwa Walutheri, tukakutana kwangu saa tano hivi. Hakuwa mtu wa kufariji. Pole aliniambia siku ya msiba, hakuirudia tena. Alifungua friji bila kuuliza, akalalamika kwamba umeme wangu haugandishi maji, akakaa kwenye kiti cha dada yake bila wasiwasi, kiti ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakizunguka kama kimelowa. Kwa sababu yake nyumba yangu ilikuwa na sauti ya mtu siku moja kwa wiki.

Mimi ni mtu wa Kagera. Nilikuja Mwanza kijana, nikaajiriwa kuwa fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari, na humo nikazeekea, naosha vyombo vya kioo na kupima kemikali kwa ajili ya watoto wa watu. Kwetu nilibakiwa na makaburi na migomba inayotunzwa na vijana nisiowajua vizuri. Wakwe zangu, Wasukuma wa upande wa Magu, karibu na ziwa, ndio waliokuwa watu wangu. Na kati yao, shemeji ndiye niliyekuwa naye.

Ndiye aliyenifundisha kuwinda. Mwaka ule nilipomuoa dada yake alikuja na shotigani yake mgongoni akaniambia, "Anayeoa kwetu lazima ajue kutembea porini." Baadaye niligundua kwamba desturi hiyo haipo. Alitaka tu mtu wa kutembea naye. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Mabatini, mjini Mwanza, na siku sita za wiki alishinda amesimama nyuma ya kaunta kati ya minyororo na betri. Porini alikuwa mtu mwingine, mwepesi, mwenye subira, asiyependa kelele.

Tuliwinda ndege: kanga, kwale, mara chache batamaji. Kila msimu ulipofunguliwa tulikwenda pamoja kuchukua vibali, tukaonyeshwa eneo letu na idadi yetu. Baada ya miaka michache na mimi nikapata leseni ya bunduki, lakini kanuni zilibaki zake. Alizisema kwa ufupi, kama mtu anayekutajia bei.

"Ukikuta kundi la kanga halifiki kumi, piga saluti, ondoka."

"Ndege aliyelala mtini hapigwi."

"Kibali kikisema ndege, usimwone mwenye miguu minne."

"Ukimjeruhi, siku yako imeishia hapo. Huendi kwingine mpaka umpate."

Hiyo ya mwisho nilimwona akiitii. Mwaka mmoja alimpiga kwale vibaya, ndege akaangukia kwenye vichaka vya miiba. Shemeji aliweka bunduki chini akaingia kwa magoti. Tulimtafuta ndege mmoja, ambaye nyama yake haijazi viganja viwili, tangu asubuhi hadi jua likapinda. Alipotoka naye suruali ilikuwa imechanika na mkono unavuja damu. Alimmalizia yule ndege, akampangusa manyoya, akasema, "Sasa twende nyumbani." Siku nzima tulirudi na kwale mmoja. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nyumbani kwao walikuwa na ngitiri. Kwa asiyejua, ni sehemu ya malisho ambayo Wasukuma huifunga wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, nyasi zikue, ije kufunguliwa kiangazi kikiwa kikali. Ya kwao ilikuwa kubwa, ilianzia nyuma ya boma la baba yao ikateremka hadi kwenye matete na mafunjo ya ziwa. Kwa kuwa ilifungwa, ilikuwa na uhai ambao mashamba ya jirani hayakuwa nao. Mle waliishi tohe, wale swala wa matete, rangi ya nyasi kavu, wanaolala chini mpaka uwakanyage ndipo wanaruka na kupiga mluzi. Mzee, baba yao, alikuwa amefariki zamani, lakini neno lake lilibaki: mle ndani hakuna mlio wa bunduki. Shemeji alinipeleka mara nyingi kutazama tu. Tulikaa kwenye kichuguu, tukawahesabu tohe, tukarudi.

Sijui alianza kubadilika lini hasa. Nadhani ni baada ya dada yake kufa, lakini inawezekana nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe nahesabu mambo yote kutoka siku ile. Jumapili zake zilianza kuwa na manung'uniko. Kule kwao watu walikuwa wanakata mafunjo ili walime mpunga mpaka ndani ya maji. Wavuvi walikuwa wanavuta nyavu ambazo hata kidole hakipiti. Ngitiri za majirani zilikuwa zimelimwa moja baada ya nyingine.

"Kila mtu anachukua," aliniambia siku moja, ameshika glasi ya maji bila kunywa. "Tumebaki wajinga wawili tunaohesabu ndege."

"Acha tuwe wajinga," nikamjibu.

Hakucheka.

Mwezi wa tatu uliofuata, mvua zikiwa zimekolea na msimu wa kuwinda umefungwa, aliniambia twende kwao tukamwone mama yake, ambaye miguu ilikuwa inamsumbua. Tulifika Ijumaa, tukamsalimu mama mkwe, tukalala. Asubuhi shemeji akaniamsha twende ngitirini. Nilipotoka nje nikamwona na bunduki.

"Ya nini hiyo?"

"Nyoka," akasema. "Nyasi ni ndefu."

Nikaamini, au nikataka kuamini. Tulipita kwenye umande mpaka suruali zikashikana na miguu. Hatukufika mbali. Tohe aliinuka mbele yetu, mbali kuliko umbali wa shotigani, akakimbia kuelekea kwenye matete. Shemeji akainua bunduki akapiga. Nakumbuka kwamba niligeuka kumtazama yeye kabla ya kumtazama mnyama, kwa kuwa sikuamini mlio ule umetoka kwake.

Tohe alianguka kwa magoti, akainuka, akaingia kwenye matete anachechemea.

"Umemjeruhi," nikasema.

"Nimeona."

"Twende basi."

Hakusogea. Alitazama nyuma, upande wa boma na upande wa njia. "Watu wamesikia," akasema. "Tumwache. Atakufa mwenyewe."

Niliingia peke yangu. Nilifuata damu kwenye matete, kisha kwenye mafunjo, maji yakaja hadi magotini, matope yakanivua kiatu kimoja. Nilimkuta amelala upande kwenye kichaka kilichokandamizwa, kichwa ameinua, ananitazama. Hakupiga mluzi. Nilikuwa na kisu cha kuchunia ndege. Nikafanya nilichofundishwa, upesi nilivyoweza, mkono mmoja ukiwa kwenye tumbo lake ili nimzuie. Chini ya mkono ule, baada ya yeye mwenyewe kutulia, kitu kiliendelea kujigeuza. Kilijigeuza mara kadhaa, kisha kikaacha.

Nimefanya kazi ya maabara maisha yangu yote. Nimepasua vyura na sungura mbele ya madarasa. Siku ile nilikaa kwenye maji na kiatu kimoja na sikuweza kuinuka.

Shemeji alinikuta pale. Alikuwa na panga na gunia.

"Umempata," akasema.

"Jike. Ana mimba."

Nilimwona akitazama tumbo la mnyama, na kwa dakika moja hivi uso wake ulikuwa ule wa zamani. Kisha akakunjua gunia. "Basi. Imeshatokea."

Sikumsaidia kuchuna. Tulirudi Mwanza siku ileile tukiwa tumekaa viti mbalimbali, na Jumapili hakuja.

Ningeweza kuishia hapo. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu langu ni kwamba ningenyamaza. Ningemsamehe, tungekaa wiki mbili tatu, kisha angekuja kufungua friji yangu na kulalamika, nami ningefurahi. Lakini Jumatano alinipigia simu.

"Jumamosi narudi kwetu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kitu. "Kuna jamaa wawili hapa Mabatini wamesikia ile habari. Wanataka kitoweo. Utakuja?"

Sikumjibu kwenye simu. Nilikwenda dukani kwake. Nilimkuta anafunga kebo kwenye pikipiki ya mteja, nikangoja mteja akaondoka.

"Shemeji," nikamwambia, "mle ni mahali pa kuzalia. Uliniambia wewe."

"Mle ni kwa baba yangu."

"Nyasi ni za baba yako. Tohe si wako wala si wangu, ndiyo maana tunaomba kibali."

"Nisipowala mimi, mwakani mle kutakuwa na mpunga. Watakufa hata hivyo. Afadhali waliwe na watu wa nyumbani."

"Jamaa wa Mabatini ni watu wa nyumbani?"

Akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga njiani, kuhusu dada yake, kuhusu kwale wa kwenye miiba. Sikuyasema. Niliogopa yatamlainisha kwa siku moja tu, kisha Jumamosi ataenda.

"Ukienda, nitasema," nikamwambia.

"Utasema kwa nani?"

"Kwa wanaotupa vibali."

"Utamripoti kaka wa mke wako."

"Nitamripoti."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonitisha. "Nenda, shemeji," akasema. "Nina wateja."

Dukani hakukuwa na mtu.

Alhamisi sikwenda popote. Nilingoja apige simu aseme ameghairi. Ijumaa asubuhi nikavaa shati la kanisani nikaenda ofisi ya wanyamapori. Aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, afisa, ambaye aliniamkia "shikamoo, mzee," akanipa kiti. Nilimweleza yote tangu ile asubuhi ya nyoka. Alikuwa anaandika, nilipofika kwenye jina la mhusika akaweka kalamu chini.

"Ni nani wako?"

"Shemeji yangu. Kaka wa marehemu mke wangu."

"Mzee, nikishaandika hapa sitaweza kufuta."

"Andika. Na jina langu uandike. Nilikuwepo."

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilimmalizia kwa kisu."

Aliandika na hilo.

Jumamosi nilibaki nyumbani. Nilifagia uani mara mbili. Nilichemsha chai nikaisahau jikoni. Kila nilipotazama simu nilijiambia kwamba labda hakwenda, kwamba yuko dukani, kwamba maafisa watazunguka ngitiri nzima wasikute kitu, na mimi nitabaki mzee mwongo. Niliomba iwe hivyo. Saa tisa alasiri simu ikaita. Ni binti yangu, kutoka Dodoma.

"Baba, mjomba amekamatwa."

"Najua."

"Umejuaje? Bibi amepiga sasa hivi, analia."

Nikamwambia ukweli. Nilisikia watu wakiongea nyuma yake, alikuwa mahali penye watu. Kisha akasema polepole, "Baba. Kwa sababu ya swala?"

"Si swala," nikasema. "Ni tohe."

Hayo ndiyo niliyomjibu mtoto wangu. Kama vile alikuwa mwanafunzi amekosea jina kwenye mtihani. Nimetamani mara nyingi kuirudia ile simu nianze upya, lakini hata leo sijui ningesema nini kingine. Alikata.

Walimkuta na tohe dume kwenye gunia. Wale wawili wa kitoweo walikimbia. Alifikishwa mahakamani, akakiri, akatozwa faini ambayo ukoo uliichanga, na bunduki yake ikachukuliwa moja kwa moja. Mimi nilitoa ushahidi. Nilisimama hatua chache kutoka alipokuwa, na muda wote alikuwa anatazama dirishani. Kwa upande wangu nilinyimwa kibali msimu uliofuata, na niliona ni haki. Nilitamani adhabu iwe kubwa zaidi, nipate kitu cha kuwaonyesha.

Hakuna aliyekuja kunigombeza. Nilijiandaa kwa matusi, nikajiandaa hata kwa kupigwa. Hakuna aliyekuja kabisa. Mke wa shemeji nilikutana naye sokoni, akainama kuchagua nyanya mpaka nikapita. Mabatini mafundi walinyamaza nikikaribia. Mmoja, ambaye nilikuwa namfahamu tangu akiwa mwanafunzi wetu, aliniita mchongezi, kwa sauti ya chini, kama anataja kazi yangu. Binti yangu aliendelea kunipigia lakini simu zikawa fupi: dawa nimekunywa, mvua inanyesha, sawa baba.

Kilichonishinda ni Jumapili. Ilipofika saa tano masikio yangu yalikuwa yanangoja yenyewe mlio wa geti, nitake nisitake. Nikahamia ibada ya pili, inayoisha mchana, ili saa tano inikute nimekaa kati ya watu.

Kibali kiliporudi nilichukua, nikaenda mwenyewe kwenye eneo letu la zamani. Nilikuta kundi la kanga, zaidi ya ishirini, wanachakura kwenye shamba lililovunwa. Nilikuwa na haki ya ndege wawili. Nilimpiga mmoja, akafa palepale, kazi safi. Nilipomwokota nikageuka, kama nilivyozoea, ili mtu aseme "vizuri" au aseme "umechelewa kidogo." Kulikuwa na mabua tu. Niliokota ganda la risasi nikalitia mfukoni. Ndipo nilipoelewa kwamba kanuni zote zile nilikuwa nazishika mbele ya mtu mmoja, na sasa ningezishika au nisizishike, hakuna atakayejua. Nimezishika. Lakini sikumpiga wa pili.

Mama mkwe alifariki miaka miwili baada ya kesi. Binti yangu ndiye aliyeniambia, na akaongeza, "Utakwenda, baba?" Nikasema nitakwenda. Nilifika nikatoa rambirambi, nikakaa mwisho wa benchi la wanaume. Walinisalimia wote, kwa adabu, kama wanavyosalimia mwakilishi kutoka ofisini. Baada ya mazishi, chakula kilipoletwa, shemeji mwenyewe ndiye aliyepita na jagi la maji na beseni akituhudumia kunawa. Alikuwa amekonda. Nywele zake zilikuwa zimejaa mvi. Alifika kwangu, akanimiminia.

"Asante, shemeji," nikasema.

"Maji kidogo," akasema. "Mpishe na mwenzako anawe."

Akasonga mbele. Hayo ndiyo maneno pekee tuliyopeana tangu siku ile dukani.

Asubuhi yake, wakati wa kuaga, mke wake alinisindikiza hadi ukingo wa boma. Nadhani alitumwa na adabu. Nikamuuliza kama ngitiri bado ipo. Akaniambia ipo. Walikuja watu mara mbili kutaka kuikodi walime mpunga, mume wake akawafukuza. "Sisi hatumuulizi habari za kule," akasema. "Anakwenda mwenyewe, anakaa, anarudi." Kisha akarudi ndani kabla sijamuaga vizuri.

Sikwenda kituoni moja kwa moja. Nilishuka na ile njia ya zamani. Ilikuwa katikati ya mvua, nyasi zinafika kiunoni, na kule chini mafunjo yalikuwa bado mengi mbele ya maji, ingawa pande zote mbili mpunga ulikuwa umeshafika ziwani. Nilisimama kando, nje ya mpaka. Baada ya muda nikawaona. Majike wawili, na nyuma yao mtoto, mdogo, masikio makubwa kuliko uso.

Upande wa pili, mbali, kulikuwa na mtu amekaa kwenye kichuguu. Nilimjua kwa mabega. Naye aliniona, kwa sababu aliinuka. Nilifikiri atakuja. Nilisogeza begi langu mkono wa pili ili mkono wa kulia uwe huru. Alisimama pale kidogo, tohe wakiwa kati yetu wanakula, hawana habari. Kisha akashika njia ya juu, ile ndefu, akarudi nyumbani bila kupita nilipokuwa.

Nilimpigia binti yangu nikiwa kituoni nangoja gari la Mwanza. Nikamwambia nimewaona tohe watatu, mmoja mtoto.

"Wakoje?" akauliza. Hakuwahi kuniuliza hivyo kabla.

Nikamweleza wanavyolala kwenye nyasi usiwaone, na jinsi wanavyopiga mluzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikasikia anafunga mlango, kelele za ofisini zikapungua.

"Na mjomba?"

"Yupo. Amekonda."

"Mmeongea?"

"Hapana."

"Krismasi nitajaribu kuja," akasema. "Siahidi, baba."

Nikamwambia sawa. Gari lilikuwa limefika na kondakta alikuwa ameshachukua begi langu.